Fimbo mbili ziwani Rutamba: kutega kwa mtindo wa karpi

Siku ya kwanza nilipokwenda Rutamba, hapa kwetu Lindi, na fimbo tatu, mzee mmoja alikuwa amekaa chini ya mwembe na ufito wake mmoja wa mwanzi. Alinitazama nikizichomeka moja baada ya nyingine, hakusema kitu. Nilipomaliza ndipo akauliza, "Mwanangu, una mikono mingapi?" Nikacheka. "Miwili, mzee." Akageukia ufito wake.

Kambale alikula fimbo ya kati. Akakimbilia kushoto, akarudi kulia, akazunguka tena, na kabla sijajua nifanye nini mishipi yote mitatu ilikuwa imeshikana kama nywele za mtoto aliyelala bila kusuka. Kambale akakata, akaenda zake na ndoano yangu. Mzee alikuja kunisaidia kufungua mafundo. Swali lake hakulirudia, na hakuhitaji.

Tangu hapo navua na fimbo mbili, na mbinu yenyewe nimeichota kwa watu wanaovua samaki asiyekuwepo hapa kwetu: karpi. Huyu ni samaki wa maji baridi wa Ulaya na Asia, mzito, mwenye sharubu, anayekula chini kwenye tope. Uingereza kuna watu wanaolala kando ya bwawa siku tatu kwa ajili yake, wakishampata wanampiga picha na kumrudisha majini. Hilo la kumrudisha, mtu wa Lindi atalielewa kwa shida. Ila vifaa vyao na akili yao ya kutega vinamfaa sana kambale wetu, kwa sababu naye ana sharubu, anakula chini, na hana haraka.

Neno moja kabla hatujaanza. Tunachukua mbinu, samaki wenyewe tunawaacha huko. Mtu akikwambia ana vifaranga vya karpi vya kumwaga ziwani, mkatalie. Ziwa Naivasha nchini Kenya, karpi walipoingia mwanzoni mwa miaka ya 2000, haikuchukua miaka mingi wakawa ndio sehemu kubwa ya samaki wanaovuliwa. Na sisi maziwa yetu madogo ya Lindi, yaani Rutamba, Nambawala na Mitupa, yana perege wa asili ambaye wataalamu wanamwita Oreochromis korogwe, kwa jina la Korogwe ya Tanga, mahali pengine anakopatikana. Samaki mwenye makao machache namna hiyo hapaswi kuletewa mgeni mlafi.

Kwanza, ruhusa

Wenzetu wa Ulaya wana sheria za idadi ya fimbo. Uingereza leseni ya kawaida ya samaki wa maji baridi inakupa fimbo 2. Ukitaka ya tatu unakata leseni ya fimbo 3, ambayo bei yake ni kubwa zaidi. Vitako vya fimbo za pembeni havitakiwi kuachana zaidi ya mita 3, na ni kosa kuiacha fimbo yenye ndoano majini ukaenda zako. Ufaransa, kwenye maji wanayoyaita ya daraja la pili, yaani yale yenye zaidi samaki wa jamii ya karpi, mwisho ni fimbo 4, nazo ziwe karibu na mwenyewe.

Ukizitazama sheria hizo utaona zote zinamrudia yule mzee wa mwembeni. Hiyo mita 3 ni umbali ambao mtu anaweza kuufikia kabla samaki hajaburuta fimbo.

Kwetu uvuvi unaongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009. Baruti na sumu ni marufuku, na utupa, ule mmea wa kulevya samaki, ni sumu hata kama babu yako aliutumia. Kabla ya kutupa mshipi, pita kwa afisa uvuvi wa halmashauri uulize habari ya leseni, kisha ufike kijijini ujitambulishe kwa viongozi na kwa kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi kama kipo. Ukiwa upande wa Mtwara, maingilio ya mto Ruvuma yako ndani ya hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, na hifadhi ina taratibu zake. Usifike pale na fimbo begani ukadhani mto ni wa wote.

Na ukikuta wenyeji wana nyavu au mitego mahali, mahali hapo si pako siku hiyo. Sogea.

Vifaa

Fimbo ya karpi huwa na urefu wa futi 12, kama mita 3.6. Nzuri, ila jaribu kuibeba kwenye bodaboda. Fimbo ya kukunja ya mita 2.7 au 3 inatosha kabisa kwa maziwa yetu, maana hutupi mbali. Iwe na uti mgumu kidogo, ibebe chubwi (risasi ya kuzamisha mshipi) ya gramu 60 bila kujipinda kama upinde.

Rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi, iwe ya ukubwa wa kati, yenye breki inayolegea kweli. Ijaribu dukani: legeza breki, vuta mshipi kwa mkono. Ukitoka kwa kushtukashtuka, iache. Ukitoka laini kama uzi wa cherehani, hiyo ndiyo. Watu wa karpi wana rili zenye breki mbili, moja ya kusubiria na moja ya kupigania, lakini bei yake inauma na breki moja inayofanya kazi inatosha.

Mshipi wa nailoni wa kuhimili kilo 7 hivi, unene wa milimita 0.35. Chubwi za gramu 60 mpaka 90. Ndoano imara za namba 4 hadi 6 kwa kambale wa kawaida. Swiveli chache (vile vipete vya chuma vinavyozunguka ili mshipi usijisokote), shanga chache (za mama zinafaa, ila omba kwanza), na kamba ndogo laini ya kusuka kwa ajili ya kufungia ndoano. Ongeza wavu wa mkono wenye mpini mrefu, na kipande cha turubai.

Vishikizo vya fimbo usinunue. Kata vijiti vinne vya panda, viwili kwa kila fimbo, cha mbele kirefu kidogo kuliko cha nyuma.

Kengele pia usinunue. Karpi huviziwa kwa kengele za umeme zinazolia mshipi ukitembea. Mmoja wa walioanza kuziunda ni Mwingereza Richard Walker, ambaye mwaka 1952 alimvua karpi wa ratili 44, karibu kilo 20, kwenye bwawa la Redmire. Mimi nafunga njuga. Njuga moja ndogo, zile za miguuni za wacheza ngoma, naifunga kwa uzi mwepesi kwenye ncha ya fimbo. Fimbo ya kulia ina njuga moja, ya kushoto ina mbili, hivyo hata nikiwa nimefumba macho najua iliyoguswa. Betri hazihitajiki.

Unywele

Hapa ndipo penye siri yote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Karpi hana meno mdomoni. Meno yake yako kooni. Chakula anakivuta kwa kufyonza, anakionja, na kama hakukipenda anakitema. Ukikifunika chambo kwenye ndoano, anaihisi ndoano na kutema. Kule Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1970, Len Middleton na Kevin Maddocks walipata jibu: chambo kisikae kwenye ndoano kabisa, kining'inie pembeni yake kwa uzi mwembamba. Mwanzo walitumia unywele wa kweli, jina likabaki. Samaki anafyonza chambo laini, ndoano tupu inafuata nyuma, na anapotema ndoano inashika mdomo.

Kambale wetu ana vijimeno vingi kama msasa na hatemi kwa adabu hiyo. Hata hivyo unywele unamfaa, kwa sababu mbili. Ndoano tupu inachoma haraka kuliko iliyozibwa na donge la ugali. Na mara nyingi inashika kwenye mdomo, haimezwi mpaka tumboni.

Kufunga ni hivi. Kata kamba laini ya sentimita 40. Mwisho mmoja piga tanzi dogo, la kupitisha njiti ya kiberiti. Tunga chambo chako, tuseme punje mbili za mahindi, kwenye sindano ya kufumia, shika tanzi kwa kidomo cha sindano, zivute punje ziingie juu ya kamba. Ili zisichomoke, pitisha kwenye tanzi kipande kifupi cha chelewa ulichovunja kwenye ufagio. Madukani wanauza vizuizi vya plastiki kwa kazi hiyohiyo, lakini nyumba gani ya Lindi haina ufagio wa chelewa?

Sasa chukua ndoano. Mwisho mwingine wa kamba upitishe kwenye tundu la ndoano kutokea nyuma, vuta mpaka chambo kiwe chini ya pindo la ndoano, pabaki nafasi ya kama sentimita moja. Ibane kamba kwenye shina kwa kidole gumba. Zungushia ule mwisho mrefu kwenye shina, ukishuka kuelekea pindo, mara saba au nane, mizunguko ikae bega kwa bega. Halafu upitishe tena kwenye tundu, tena kutokea nyuma. Lowesha kwa mate, kaza polepole. Ukifunga kavu, fundo linajichoma lenyewe na litakuangusha samaki akiwa mguuni pako.

Mwisho uliobaki ufunge kwenye swiveli, urefu wa sentimita 20 kutoka ndoano, na mshipi wa rili ufunge upande wa pili wa swiveli.

Chubwi ifunge kwenye swiveli hiyohiyo, lakini kwa uzi dhaifu, wa kilo 3. Sababu ni kwamba ziwa limejaa matete na mizizi. Chubwi ikinasa, uzi wake unakatika na samaki bado unaye. Na mshipi mkubwa ukikatika, samaki haburuti risasi maisha yake yote. Kwa uzi huo dhaifu usirushe kwa nguvu za hasira. Bembeza fimbo taratibu, chubwi ipae yenyewe.

Chambo na cha kumwagia

Mahindi makavu yaloweke usiku mzima, kisha yachemshe mpaka ukucha uingie. Yasiyochemka vizuri yatavimbia tumboni mwa samaki, na pia hayanuki. Ukiyaacha kwenye maji yake siku mbili yanaanza kuchacha, harufu inakuwa kali, na hapo ndipo yanapokuwa matamu kwa samaki. Usiyaweke ndani ya nyumba. Mimi niliyaweka, na sitaeleza zaidi.

Kwa kambale mwenyewe, utumbo wa kuku au kipande cha dagaa mbichi kinashinda mahindi. Nyungunyungu nao hawana mpinzani, ila perege wadogo watawamaliza kabla kambale hajafika.

Cha kumwagia changanya pumba za mahindi sehemu mbili, mashudu ya ufuta sehemu moja, na udongo wa kichuguu kiasi cha kushikamanisha. Ufuta kusini ni wetu, mashudu yake hayana shida kupatikana, na mafuta yanayobaki ndani yake yanasambaza harufu majini. Finyanga madonge ya ukubwa wa chungwa. Matano yanatosha kuanzia. Ukimwaga ndoo nzima, samaki watashiba chakula chako na kukuachia ndoano.

Kuzipanga fimbo mbili

Fika, keti, angalia maji robo saa kabla hujatoa kitu begani. Viputo vinavyopanda kwa mstari ni mtu anachimbua tope. Matete yanayotikisika bila upepo, vilevile. Upepo ukiwa umevuma upande mmoja tangu asubuhi, ng'ambo unakovumia ndiko chakula kilikosukumwa, na samaki hukifuata.

Fimbo ya kwanza itupe mahali unapopaamini, kwa kawaida kandokando ya matete, mita moja au mbili kutoka ukingo wake, si ndani yake. Fimbo ya pili ni ya kuuliza. Itupe kwenye maji wazi, au kwenye kina tofauti, na iwe na chambo kingine. Moja ikiwa na mahindi, nyingine iwe na utumbo wa kuku. Fimbo mbili zenye chambo kilekile mahali pamoja ni fimbo moja iliyokugharimu mara mbili. Ikipita saa moja na ya pili imeguswa mara tatu wakati ya kwanza imelala, ziwa limeshakujibu: ihamishie ya kwanza huko, umbali wa hatua tano pembeni ya mwenzake.

Mishipi isipishane. Fimbo ya kulia inatupwa kulia, ya kushoto kushoto, kama vidole viwili vilivyotanuliwa. Vishikizo viachane mita moja, nawe ukae katikati, karibu kiasi cha kushika fimbo yoyote bila kunyanyuka.

Ili urudishe chambo palepale kila mara, chomeka vijiti viwili umbali wa mita 3.6. Ukishatupa na kuridhika, funga kipande cha uzi wa rangi kwenye mshipi mbele ya rili, kisha uvute na kuuzungusha mshipi kati ya vijiti hivyo ukihesabu. Ukitoka kijiti kimoja mpaka kingine mara 10, ni mita 36. Andika kwenye daftari, maana wiki ijayo utasahau.

Sasa breki. Ilegeze mpaka uweze kuvuta mshipi kwa vidole viwili. Hili ndilo watu wengi wanalipuuza, na ndilo lililonichukulia fimbo yangu ya kwanza kabisa. Nilikaza breki, nikaenda kununua maandazi kwa mama mmoja hapo jirani. Niliporudi kishikizo kilikuwepo.

Njuga ikilia

Mlio mmoja mmoja ni perege anadonoa. Muache. Njuga ikilia mfululizo na mshipi ukaanza kutoka, nyanyua fimbo, kaza breki kwa mzunguko, na uvute kwa uzito bila kupiga. Ndoano imeshaingia.

Kisha, na hili lifanye kabla ya lolote: ile fimbo nyingine ishushe ncha yake mpaka chini, mshipi ulegee. Isukume kwa mguu kama mikono imejaa. Mshipi wake utalala chini ya ziwa na samaki atapita juu yake. Ukiwa na mwenzako, yeye avute ile nyingine aitoe kabisa. Samaki akikimbilia upande wa fimbo ya pili, lala na fimbo yako upande wa pili, chini, umgeuze kwa ubavu. Ukiinyanyua juu unamwinua kichwa tu, na yeye hukimbia kwa mkia.

Wavu uingie majini kwanza, samaki avutwe juu yake. Ukimfukuza samaki kwa wavu, unamkumbusha kwamba bado ana nguvu.

Kambale ukimshika, epuka miiba ya mapezi ya ubavuni. Mshike nyuma ya kichwa, vidole vikiwa nyuma ya miiba hiyo, umlaze kwenye turubai lililolowa. Ana kiungo cha kupumulia hewa, kwa hiyo asikudanganye kwa kutulia. Nimewahi kuona mmoja akitembea kwa kujinyonganyonga kurudi majini wakati mwenyewe anatafuta kisu. Mdogo mrudishe. Jike lililojaa mayai wakati wa mvua, mimi hurudisha pia. Wenzangu wananicheka, na wana haki ya kunicheka.

Mamba na kiboko

Ruvuma ina mamba na viboko, na maziwa yetu nayo usiyajaribu. Kaa hatua sita au saba kutoka majini, na hata ukisogea kumtoa samaki usifike ukingoni kabisa, ndiyo maana nimesema wavu uwe na mpini mrefu. Mshipi ukikwama, kata, usiingie kuukwamua, hata maji yakiwa ya magotini. Ukiona njia pana iliyolainishwa kwenye matete, yenye kinyesi kilichotawanyika, hiyo ni barabara ya kiboko, naye jioni huitumia bila kuomba njia. Kambale hula zaidi usiku, najua. Mimi navua kuanzia alfajiri kukishapambazuka mpaka saa nne, au saa kumi jioni mpaka jua linapogusa miti. Giza likiingia nakuwa nimeshafunga mizigo.

Wakati wa kufunga, okota vipande vyote vya mshipi, hata vya urefu wa kidole. Nailoni haiozi, na ndege wa ziwani hujifunga nayo miguu. Ndoano zirudi kwenye kopo. Nyumbani rili zifute kwa kitambaa chenye unyevu, na kama siku hiyo ulivua Mikindani au kwenye mlango wa mto Lukuledi kwenye maji ya chumvi, zimwagie maji baridi usiku huohuo. Legeza breki kabla hujaziweka, zisilale zimekazwa.

Yule mzee bado yuko na ufito wake mmoja. Mwezi uliopita aliniomba njuga, nikampa. Kaifunga, kavuta kofia usoni, kalala.